Wanaosikia kwa Macho

Kumezuka barazani kwetu wajuzi wanaotaka tuamini kuwa ekwalaiza hii ya kompyuta ina utamu na ile ni kavu kama muhogo wa juzi. Mimi si fundi mitambo. Ni mtunzi na mfasiri aliyeiokota elimu yake njiani. Lakini kwa kuwa ndimo zinamopitishwa nyimbo zetu kongwe zikitolewa katika santuri na kanda, nina haki ya kuuliza: utamu huo umesikiwa, au umeonwa kwenye skrini?

Jaribio lake ni jepesi. Wimbo mmoja upitishwe katika ekwalaiza mbili zilizorekebishwa hadi mikondo yake ilingane. Wimbi la nakala moja lipinduliwe, la juu liwe chini, kisha nakala zichanganywe. Zikiwa sawa zitafutana, kibaki kimya kitupu. Likibaki baki, lipimwe: mnong'ono ulio desibeli 100 chini ya wimbo hausikiki wimbo ukipigwa.

Watanijibu kuwa waliweka vifundo mahali pamoja na sauti zikatofautiana. Kweli! Lakini namba ya kwenye kifundo si kipimo. Mwaka 1994 Robert Bristow-Johnson alionesha kuwa njia mbalimbali za kukokotoa ekwalaiza za aina hii huzaa kichujio kile kile, zikihitilafiana tu katika kufasili upana wake. Nani asiyezijua pishi mbili za maduka mawili?

Sisemi tofauti za kweli hazipo. Karibu na hezi 22,050, ukomo wa rekodi ya CD, mikondo ya ekwalaiza nyingi husinyaa; Sophocles Orfanidis aliitolea dawa kasoro hiyo mwaka 1997. Zipo pia zinazolinda mpangilio wa wakati baina ya masafa, nazo huweza kutanguliza mlio hafifu kabla ya pigo la dumbaki. Hayo yote hupimika.

Na masikio nayo yapimwe. Nakala zisawazishwe ukubwa wa sauti kwanza, maana iliyozidi kidogo tu ndiyo hupendwa. Kisha msikilizaji abainishe bila kuona. Akipatia mara 12 katika 16, tumsikilize, kwani kwa kubahatisha hayo hutokea chini ya mara 4 katika 100. Mjuzi mmoja niliyemwomba afanye hivyo alikataa, akidai sikio lake halihitaji mtihani. Mshairi akikataa kuhesabiwa mizani, sisi humwitaje?

Kinachoniuma hasa ni hiki: wao wanabishania chombo, na hapana anayeuliza mkono umekiwekaje. Nimepewa nakala "iliyosafishwa" ya ukanda wa zamani, masafa ya juu yamekatwa ili mkwaruzo uondoke. Pamoja na mkwaruzo imeondoka ile pumzi inayomtenga paa wa mwituni na paa la nyumba. Kaa wa pwani amegeuka kaa la moto, na fumbo zima la mtunzi lilikaa juu ya neno hilo. Ekwalaiza yoyote ingefanya vivyo hivyo kwa amri ile ile.

Basi kabla hawajazigusa santuri za Siti binti Saad, alizoanza kurekodi Bombay mwaka 1928, nataka nakala isiyorekebishwa iwekwe kando, na kila kilichokatwa kiandikwe: masafa gani, desibeli ngapi. Jina la programu wanaweza kubaki nalo.