Saa Kuukuu Nayo Ina Haki Zake

Wako watu wanaodhani kwamba saa ya mkono iliyokufa ni takataka, na kwamba anayehangaika kuifufua ana pesa za kuchezea au hana kazi ya kufanya. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuwa mmoja wao. Kwa miaka tisa saa ya marehemu baba yangu ilikaa kimya ndani ya mkoba wa hati za nyumba, na kila nilipoigusa nilijiambia kuwa zama zake zimekwisha. Simu iliyomo mfukoni hunipa saa, tarehe, na hata wakati wa sala. Basi chuma kile cha nini?

Walionigeuza fikra si wanachuoni, wala si matajiri wa kukusanya vitu vya kale. Ni mafundi wanne wa Turkana, wawili wa Lodwar na wawili wa Kakuma. Leo nataka niwatetee mbele ya wasomaji, maana kazi yao imenifunza jambo ambalo sisi watu wa pwani, tunaojisifu kwa ustaarabu wa kale, tumeanza kulisahau.

Saa yenyewe ni West End, ya Uswisi, ya kutia ufunguo kwa mkono, yenye vijiwe 17. Baba aliinunua kwa baharia wa jahazi, na saa za jina hilo zilipendwa sana Uarabuni na Bara Hindi. Nilikuwa nayo safarini bila ya kutaraji kitu, nilipokwenda Lodwar kumzuru mpwa wangu anayefundisha shule huko. Yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa fundi wake, kijana wa Kiturkana mwenye meza ndogo kibarazani mwa duka, na juu ya meza sanduku la kioo.

Kijana alifungua mgongo wa saa, akatia lenzi jichoni, akanyamaza kitambo.

"Mzee," akasema, "saa hii haikufa. Imekabwa."

Akanieleza. Saa ya namna hii hupiga mara 18,000 katika saa moja, yaani mara tano kila sekunde, mara 432,000 kutwa kucha. Kamani hukunjuka polepole na kusukuma magurudumu, na gurudumu la mizani huenda likirudi kuyazuia yasikimbie. Vijiwe havikutiwa kwa urembo. Ndimo ncha za mihimili zinamozungukia ili chuma kisilane na chuma. Mafuta yakikauka, na vumbi likaingia, mchanganyiko ule huwa msasa unaosaga saa kutoka ndani. Na hapana asiyelijua vumbi la Lodwar! Yangu ilikuwa imekatika kamani, na mhimili wa mizani umevunjika ncha. Kuosha kwa petroli na kutia mafuta angeweza yeye. Mhimili hakuwa nao. "Lakini yuko bwana mmoja Kakuma," akasema.

Kakuma ni mwendo wa kilomita kama 120 kutoka Lodwar, kaskazini-magharibi. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka 1992, walipofika watoto waliokimbia vita vya Sudan, na Wahabeshi nao wakafika miaka hiyo baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Warundi na wengineo, hata mwaka 2016 makao mapya ya Kalobeyei yakaanza kupokea watu. Bwana tuliyeelekezwa ni Mhabeshi mtu mzima. Alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa saa zilizokufa, na humo ndimo alimotafuta, akipekua kwa ncha ya kibano kama mtu achambuaye mchele, mpaka akapata saa ya mashine moja na yangu. Ile ilikuwa imeliwa na kutu upande mmoja, lakini mizani yake nzima. Saa mbili maiti zikazaa moja hai.

Tulipokuwa tukingoja nilimwuliza saa ngapi. Akatazama ukutani, akanijibu, "Saa nane na robo." Akrabu kubwa ilikuwa juu ya tatu, ndogo imeipita mbili kidogo. Nikacheka kwa furaha. Mhabeshi huhesabu saa tangu macheo kama tuhesabuvyo sisi! Mimi wa Mvita na yeye wa Habeshi, lugha mbalimbali, dini mbalimbali, lakini jua letu moja. Hesabu hii inafaa hapa kwetu karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. London isingefaa: huko jua la Desemba huchomoza karibu saa mbili ya asubuhi, na la Juni kabla ya saa kumi na moja alfajiri.

Wala mtu asidhani kwamba kupima wakati kumeletwa Turkana na saa za mkono. Katika njia ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol zimesimama nguzo 19 za mawe, Namoratunga, ambazo wenyeji husema ni watu waliogeuka mawe. Mwaka 1978 wataalamu Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo hizo zinalenga nyota za kalenda ya Waborana. Wengine wakaja wakapima upya na kuwapinga, na uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa majengo ya nguzo ya eneo hilo ni makaburi ya miaka kama 5,000 iliyopita. Ubishi huo siwezi kuuamua. Lakini ni nchi gani nyingine ambayo watu hubishana kama mawe yake ni kaburi au ni saa?

Nirudi kwenye saa yangu, maana hapo ndipo penye hoja. Mashine ilipopona, ulibaki uso. Ulikuwa umebabuka, na tarakimu nyingine hazisomeki. Jirani wa Mhabeshi ni Mkongo, mchoraji wa mabango ya maduka, mwenye mkono mtulivu ajabu. Akashauri tuuchore uso mpya wenye saa za Kiswahili: sita juu, kumi na mbili chini, ili mtu asihitaji tena kusoma tarakimu hii na kutamka ile. Wazo hilo lilinipendeza mno, nikaomba niandike tarakimu mimi mwenyewe, kwa Kiarabu, kama nilivyozoezwa chuoni kwa kalamu ya mwanzi. Basi kila mtu akapata sehemu yake. Mturkana wa Lodwar aliosha na kutia mafuta. Mhabeshi alitia mizani na kamani. Mkongo alichora akifuata mwandiko wangu. Na mama mmoja wa Kiturkana, mshonaji wa ngozi wa Lodwar, alikata ukanda wa ngozi ya mbuzi, akaushona kwa mkono. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini palizuka ubishi. Mkongo alitaka kuukwangua uso wa zamani na kuchora juu yake. Mhabeshi akakataa katakata, na alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ya afya. Rangi ing'aayo gizani katika saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 ilitiwa radiamu. Mng'aro hufa, lakini sumu haifi, kwani nusu ya radiamu huchukua miaka 1,600 kwisha. Katika miaka ya 1920 huko Marekani wasichana waliopaka nyuso za saa walikuwa wakichongoa burashi kwa midomo. Wengi wao waliugua mataya na mifupa, na baadhi wakafa. Mkongo wetu, ambaye naye ana desturi ya kulamba burashi, aliitupa mezani papo hapo.

Sababu ya pili ni ya adabu. "Ukiukwangua," akasema Mhabeshi, "hutaweza kurudi." Basi tukachukua uso wa ile saa iliyoliwa na kutu, ambao haukuwa na rangi ya kung'aa. Huo ndio uliochorwa. Uso wa baba ulitiwa ndani ya kikasha kidogo chenye kifuniko, nikakabidhiwa.

Niliporudi Mombasa, kaka yangu mkubwa aliitazama saa, akaigeuza, akairudisha. "Bwana mdogo, hii si saa ya baba. Uso si wake, ukanda si wake, matumbo si yake. Umebakiwa na kopo."

Maneno yale yaliniuma, nami sikuweza kuyapuuza, kwa kuwa yana ukweli ndani yake. Nimeyafikiria miezi mingi. Jawabu langu ni hili.

Kutengeneza ni kumrudishia kitu uwezo wa kufanya kazi yake. Kupamba ni kukipa sura unayoipenda wewe. Kughushi ni kukipa sura mpya kisha ukasema ni ile ya kale. Wapenzi wa saa duniani wanazijua sana saa za kuungaunga zitokazo Bara Hindi, zilizopakwa nyuso mpya na kuuzwa kana kwamba hazikuguswa. Rangi haina kosa. Kosa ni uwongo. Saa yangu haidanganyi mtu. Kila aulizaye humweleza ni kipi cha baba, kipi cha Kakuma na kipi cha Lodwar, na kikasha chenye uso wa zamani nikamwonyesha. Siku wanangu wakitaka kuurudisha, bisibisi moja na mkono mpole vitatosha. Na baba alinunua saa ili imwambie wakati. Ilipokuwa mkobani imenyamaza, ilikuwa ya baba zaidi?

Tena tusijidanganye kwamba kutogusa ndiko kutunza. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ilikaa miaka mingi ikichakaa tukiitazama na kuisifu. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa imo katika kukarabatiwa, upande mmoja uliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Ufa usipozibwa mapema, hata ukarabati wenyewe huwa hatari. Kwa sadfa, ilikuwa tarehe kama hiyo, 25 Desemba 1969, ambapo Seiko ya Japani ilitoa saa ya kwanza ya mkono ya kwozi, na tangu hapo mafundi wa saa za kamani wakaanza kupungua mmoja mmoja.

Liko jambo moja zaidi, nami singeandika makala haya kama si hilo. Saa yangu ilipokuwa ikitengenezwa ilikwenda Kakuma na kurudi Lodwar mara mbili, mfukoni mwa dereva wa matatu, bila kuulizwa kitu. Mhabeshi aliyeifufua hakuweza kuifuata. Kwenda Lodwar kukaa meza moja na mwenziwe alihitaji kibali, na kibali hakikutoka. Wamefanya kazi pamoja miaka mingi kwa vikaratasi vilivyofungiwa ndani ya vifurushi vya saa, na nilipoondoka walikuwa hawajakaa pamoja hata siku moja. Nao ni mji ule ule wa Lodwar ambao wakoloni waliufanya mahali pa kuzuilia watu. Mzee Kenyatta alihamishiwa hapo kutoka Lokitaung mwaka 1959, akakaa hadi 1961. Mji uliojua uchungu wa kuzuiwa ungepaswa kuwa wa kwanza kumhurumia aliyezuiwa.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa mwaka 2025, vimezungumza juu ya wakimbizi na wenyeji kuishi na kufanya kazi pamoja. Ni maneno mema. Mimi napendekeza yaanzie kwa vitu vidogo. Mafundi kama hawa wapewe ruhusa ya kuvuka kilomita 120, wapewe chumba kimoja chenye madirisha yasiyopitisha vumbi, na vijana sita, watatu wa kambi na watatu wa mji, wa kujifunza kwao. Hilo halihitaji mfadhili mkubwa. Linahitaji haraka, kwa sababu Mhabeshi mwenye mkebe wa maziwa macho yake yameanza ukungu, na aliyajua hayo kabla sijamwuliza.

Chuoni tulihifadhi mapema sura ya Al-Asri, kwa kuwa ni fupi, aya tatu tu. Utoto haukutujulisha kwa nini Mola aliapa kwa wakati. Sasa kila asubuhi baada ya sala huitia ufunguo saa ya baba, nikaiweka sikioni kabla ya kuivaa. Huchelewa dakika moja kwa siku. Sijaipeleka irekebishwe, nangoja siku ambayo mafundi wangu wawili watakaa meza moja, niwapelekee wote.