Paka wangu hajatumwa, ana kifafa

Wadau, leo siasa tuiweke pembeni. Nataka kuzungumzia paka. Msicheke kwanza.

Nyumbani kwetu Sumbawanga tuna paka jike mweusi, Masizi. Huu ni mwaka wa nne anaanguka. Anakodoa macho ukutani, anadondoka ubavu, miguu inapiga kama anaogelea, povu linamtoka. Dakika moja hivi. Akizinduka anagonga gonga viti kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Majirani walishatoa hukumu: katumwa. Paka mweusi, tena Sumbawanga! Wanasahau kuwa jina la mji wetu, kwa Kifipa, maana yake ni "tupa uchawi". "Mtie kwenye kiroba, baba, ukamtupe mbali," mama mmoja alinishauri, kwa upole kabisa.

Daktari wa mifugo aliuliza kwanza kama amechanjwa kichaa cha mbwa. Swali la msingi, maana ugonjwa huo dalili zikishaanza, mnyama hufa ndani ya siku chache. Masizi amechanjwa. Basi akaandikiwa fenobabitoni, dawa ile ile ya binadamu, inayotumika kutibu kifafa tangu mwaka 1912. Kipande asubuhi, kipande jioni, bila kuruka, kwa sababu ukikatisha ghafla degedege hurudi kwa nguvu. Hajapona. Ila zamani alianguka kila wiki, sasa miezi miwili inapita.

Siku moja nilikuwa duka la dawa na cheti changu, natangaza habari za paka kwa sauti. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa anachukua dawa hiyo hiyo ya mwanawe. Alikuwa ananong'ona.

Jamani, niliona aibu. Mimi na paka wangu tunaongea wazi, yeye na mtoto wake wanajificha! Mwaka 1960 kule Mahenge, Dk. Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianza kuwatibu wagonjwa wa kifafa waliotengwa kwa sababu watu waliogopa mate yao. Zaidi ya miaka 60 imepita. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala hakitumwi na mtu.

Kwa hiyo ukimwona mtu ameanguka, usikimbie wala usimtie kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, angalia saa. Zikipita dakika tano, mpeleke hospitali. Na akizinduka, akukute bado upo pale.