VVU hutegemea vimeng'enya vya mwili kuzaliana

Dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zimeokoa maisha ya mamilioni ya watu, lakini hadi sasa haziwezi kukiondoa kabisa kirusi mwilini. Sababu mojawapo ni namna kirusi hicho, chenye jeni 9 tu, kinavyotegemea nyenzo za seli kinayoishambulia.

Kirusi kina vimeng'enya vyake 3, na ndivyo vinavyolengwa na dawa nyingi. Kazi nyingine hufanywa na vimeng'enya vya binadamu. Kimoja, furini, hukata protini ya ganda la kirusi ili kiweze kuingia katika seli nyingine. Kingine, RNA polimerasi II, hunakili jeni za kirusi kana kwamba ni za mwili.

Kuvizuia vimeng'enya hivyo ni hatari, kwa kuwa mwili nao unavihitaji. Aidha, seli inapopumzika, kazi ya kunakili husimama na kirusi hujificha humo bila dawa kukigusa. Seli ikiamka, nacho huamka.

Ndiyo maana kwa mgonjwa anayeacha dawa, hata kama vipimo havikuona kirusi katika damu yake, kwa kawaida kirusi hurejea ndani ya wiki chache.