Khofu si Damu

Imeenea dhana miongoni mwa baadhi ya waandishi kwamba hadithi ya kutisha hupimwa kwa idadi ya maiti zake. Ukurasa wa kwanza kichwa kinakatwa, wa pili jini linatoa meno, wa tatu damu inatiririka hadi ukumbini. Msomaji akifika wa nne amekwisha kuzoea. Na kilichozoeleka hakitishi.

Dhana hiyo ni potofu, na mabingwa wa fani yenyewe waliikataa zamani. Riwaya ya kigothiki, ile ya majumba ya kale na siri zake, ilizaliwa Uingereza mwaka 1764, Horace Walpole alipoitoa *The Castle of Otranto*, ambamo kofia kubwa ya chuma inamponda bwana harusi siku ya harusi yake. Baada yake akaja Ann Radcliffe na njia iliyo bora. Katika insha iliyochapishwa mwaka 1826, naye keshafariki, alitenganisha khofu inayoikunjua roho na mshtuko wa kuchukiza unaoigandisha. Khofu huishi katika kisichodhihirika. Mshtuko hauachi kitu gizani. Katika riwaya yake ya *The Mysteries of Udolpho* (1794), Emily anafunua pazia jeusi, anaona kitu, anazimia. Msomaji haambiwi alichokiona mpaka kitabu kinakaribia kwisha. Kumbe ni sanamu ya nta! Pazia lilitisha, sanamu haikutisha. Na Radcliffe, bila ya kukusudia, akawa ameithibitisha kanuni yake mwenyewe.

Mpenzi wa ushairi hahitaji kufunzwa hayo, kwani anajua kwamba fumbo hufa pale mtungaji anapolifumbua mwenyewe. Si ajabu basi kwamba Edgar Allan Poe wa Marekani alikuwa mshairi kabla ya kuwa msimulizi. Katika hadithi yake ya *The Fall of the House of Usher* (1839), ufa mwembamba ukutani unatajwa mwanzoni kama jambo dogo. Mwishoni jumba zima linapasukia hapo. Lakini hata hilo silo linalotisha zaidi. Roderick Usher amemhifadhi pacha wake kaburini akidhani amekufa. Siku kadhaa amemsikia akifurukuta ndani ya jeneza, asithubutu kusema. Damu imo, juu ya vazi jeupe la yule dada, ila haitishi kama kule kunyamaza kwa nduguye.

Hapa ndipo penye uzito wa fani hii. Inauliza: nani katika nyumba hii alijua, akanyamaza? Mwandishi anayekimbilia jini ili kulijibu swali hilo huwaachia huru wenye nyumba. Muhammed Said Abdulla wa Unguja hakufanya hivyo. *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa mwaka 1960, ni riwaya ya upelelezi, si ya kigothiki. Hata hivyo maiti yaonekana mzimuni, na Bwana Msa hauhukumu mzimu, bali anatafuta mkono wa binadamu.

Anayetaka kutisha na aanze hapo: aijue dhulma iliyofichwa na aliyeificha, kisha alishushe pazia mbele yake. Asiyekuwa na dhulma ya kuficha hana cha kutishia, hata akimwaga damu pipa zima.