Nani Alipaye Sahani ya Bei Rahisi?

Hapana mji unaokua katika nchi yetu ambao haujafikiwa na hoja ya mama ntilie. Nyumba za kupangisha zikiongezeka, stendi ikisawazishwa, na ofisi za serikali zikifunguliwa, ndipo wakubwa wa mji waonapo kuwa vile vibanda vya turubai na mabati vilivyo kando ya barabara, vyenye mafiga matatu na mabenchi mawili, vinaondoa haiba ya mahali. Na shauri la kwanza ambalo aghalabu hutolewa ni kuviondoa, na la pili, ikiwa la kwanza limeshindikana, ni kuvitoza. Kayanga na Omurushaka katika Wilaya ya Karagwe, na Nkwenda, Isingiro, Rubwera na Murongo katika Wilaya ya Kyerwa, wilaya zote mbili zikiwa katika Mkoa wa Kagera, ni miji na vituo vilivyofikia umri huo. Rai yangu ni kwamba mashauri yote mawili yamelitangulia swali lililostahili kuulizwa kabla yake: ikiwa mtu wa kipato kidogo aweza kushiba hapa kwa fedha chache, ni nani basi anayeilipa ile tofauti?

Swali hili si geni katika nchi ya Karagwe. Msafiri John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walipoingia Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861, baada ya safari ndefu kutoka pwani iliyojaa karaha za hongo, yaani ushuru wa kupita, katika kila himaya waliyoipita, walistaajabu kuambiwa kwamba hapa mgeni hatozwi kitu, na kwamba wakuu wa vijiji wameamriwa kuwapa chakula kwa gharama ya mfalme wao, Omukama Rumanyika. Sifa ya ukarimu huo imeandikwa na kusomwa tangu wakati ule, na mimi siupingi. Walakini mfalme hashiki jembe, na mikungu ya ndizi iliyowashibisha wapagazi wa wasafiri hao haikuota ndani ya jumba la Bweranyange. Ilikatwa katika vibanja, yaani mashamba ya migomba, vya raia, ikabebwa kwa vichwa vya raia, na jina la mwenye kuitoa halikuingia katika daftari la msafiri yeyote. Hata wafanyabiashara wa Kiarabu waliofanya kituo chao Kafuro, akiwamo Hamed bin Ibrahim ambaye msafiri Henry Morton Stanley alimkuta huko mwaka 1876, waliishi kwa rutuba ya vibanja hivyo hivyo.

Sasa hapana Omukama anayelisha wageni, na wageni wamekuwa wengi. Tangu Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya ya peke yake mwaka 2012, wamekuja watumishi wa halmashauri, walimu, mafundi ujenzi na madereva, ambao hawana kibanja mahali hapo wala mtu wa kuwapikia nyumbani. Barabara ya kutoka Kyaka hadi Bugene ilipotiwa lami, ikaleta magari mengi zaidi na abiria wenye njaa. Vijana wa bodaboda hawarudi nyumbani mchana. Wapakizi wa kahawa hawarudi hata jioni wakati wa msimu. Na katika Hospitali ya Nyakahanga, kama ilivyo katika hospitali nyingi za nchi hii, mgonjwa hutazamwa na jamaa zake ambao nao ni lazima wale, na aliyetoka mbali, mathalani Bugomora au Kaisho, hakuja na chungu. Watu hawa wote huangukia mikononi mwa mwanamke mmoja aliyeinama juu ya sufuria.

Ukiketi penye benchi lake asubuhi utapewa katogo ya ndizi na utumbo, au chai na chapati, na chai yenyewe huenda ikawa ya maziwa halisi, kwa kuwa nchi ni ya ng'ombe. Mchana ziko ndizi na maharage, ambazo wenyeji, Wanyambo na Wahaya, huziita ebitoke n'ebihimba na kuzihesabu kuwa ndicho chakula chenyewe, vinginevyo vyote vikiwa ni nyongeza. Kisha uko ugali, uko wali, kiko kipande cha nyama au samaki aliyesafiri kutoka Ziwa Viktoria, na katika majira yake ziko senene za kukaanga ambazo mgeni huzitazama kwa shaka mara moja tu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba sahani ya ndizi na maharage imeuzwa kwa shilingi 2,000. Mwenye kupiga hesabu kwa kalamu atataka kujua bei ya mkungu, ya maharage, ya mafuta, ya kuni na ya maji, na akimaliza kuzijumlisha atashangaa kwamba muuzaji bado anakula na kusomesha watoto.

Siri yake ni kwamba baadhi ya vitu hivyo havikununuliwa. Mkungu mmoja katika mitatu huenda umetoka katika kibanja cha mumewe au cha mavyaa wake. Kuni zimetoka huko huko. Maharage ni masalio ya mavuno. Na binti anayeosha vyombo, ambaye ni mtoto wa ndugu aliyeletwa mjini kwa ahadi ya cherehani, halipwi mshahara bali hupewa chakula na mahali pa kulala. Zaidi ya hayo, mama mwenyewe aliamka saa kumi za usiku na kibanda hakukifunga mpaka baada ya magharibi, na saa hizo hakuzitia thamani yoyote, maana lau angezitia angeona kwamba biashara yake ni hasara. Basi tofauti inalipwa na shamba na nguvu ya mwanamke. Mlaji halijui hilo, na halmashauri haijalijua, ndiyo maana kila mmoja wao hudhani kuwa yule mama anapata faida ambayo yaweza kukatwa kidogo bila ya kudhuru kitu.

Kuna mkopo pia. Katika nchi ya kahawa fedha haziingii kila mwezi. Huja kwa wingi wakati wa kuvuna na kukoboa, kisha huadimika, hata wako wakulima wanaouza kahawa ingali na maua mtini, kwa ule utaratibu uitwao butura ambao serikali imeupiga marufuku mara nyingi na shida imeurudisha mara nyingi. Katika miezi mikavu mama ntilie huandika katika daftari. Anamkopesha mwalimu mpaka mshahara, fundi mpaka alipwe na tajiri wake, na kijana wa bodaboda mpaka kesho ambayo pengine haitafika. Benki haitoi mkopo wa ukubwa wa sahani moja bila ya dhamana wala riba. Yeye hutoa, na hasara ikimfika haendi mahakamani.

Lakini ule msingi wa kwanza, yaani shamba, hauko salama kama zamani. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uliokuwa umekwisha kuonekana Uganda miaka mitano kabla yake, ulithibitishwa katika Mkoa wa Kagera, na tangu hapo vibanja vingi vimepata pigo ambalo wazee hawakuwahi kuliona. Mgomba ulioshikwa huiva kabla ya wakati, tunda huoza ndani, na mdudu anayefuata utomvu wa ua au panga lisilochomwa moto hupeleka ugonjwa kwa jirani. Dawa yake haipo, ila kung'oa na kuzika, kukata ua mapema kwa kijiti chenye panda, na kusubiri. Wakati huo huo malori yanapakia mikungu kuipeleka Mwanza na kwingineko, hata Dar es Salaam ambako sokoni watu huulizia ndizi Bukoba kwa jina, na mkulima ana haki ya kumwuzia anayetoa zaidi. Haya mawili yakikutana, bei ya mkungu hupanda, na sahani ya ndizi katika stendi ya Kayanga huanza kuwapisha ugali na wali. Nami naona aibu kidogo kwa niaba ya nchi iliyolelewa na mgomba kwamba msafiri afike humo saa nane mchana aambiwe kuwa ndizi zimekwisha, kuna wali.

Miji mingine imejibu swali hili la nani alipe, kila mmoja kwa kadiri ya hali yake. Katika Kigali mlaji hulipa bei moja akajipakulia wanga na mboga kadiri sahani inavyobeba, ila nyama hupimiwa na mwenye duka, na hiyo ni insafu ya namna yake, maana mwenye njaa kubwa hanyimwi. Kampala imeifanya chapati iliyoviringwa mayai kuwa riziki ya vijana maelfu, na mtindo huo umevuka Mto Kagera: ng'ambo ya Murongo ni Kikagati ya Uganda, na mikate ya namna hiyo haiulizwi pasipoti. Mombasa ina viazi karai, mahamri na mbaazi za asubuhi. Forodhani ya Unguja imekwisha kuwa ya watalii zaidi kuliko ya wenyeji, na anayetaka urojo kwa bei ya mwenyeji heri aingie mitaani.

Dar es Salaam ndiyo yenye funzo chungu. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwahesabu wauzaji wadogo wa mjini karibu na wazururaji, wakakamatwa na kurudishwa mashambani, nao wakarudi mjini kwa gari la siku ya pili. Na mwaka 2021 vibanda vya wamachinga vikaondolewa tena katika miji mikubwa, safari hii kwa kuahidiwa maeneo maalumu, ambayo mengine yalikuwa mbali na njia ya mteja. Chakula cha bei rahisi hakihamishiki kama samani. Kikiwekwa mahali ambapo mwenye njaa hapiti, hupungukiwa na wateja, kisha hupanda bei, kisha hutoweka.

Singapore ilifanya vingine, ijapokuwa si sahali kuifananisha nchi ya bandari tajiri na vilima vya Karagwe. Huko nako wauzaji wa vyakula walijaa barabarani, na kuanzia mwaka 1968 serikali ikawaandikisha, kisha ikawahamisha kidogo kidogo mpaka miaka ya 1980; ila kabla ya kuwahamisha iliwajengea mabanda yenye maji, mifereji na majiko katikati ya makazi ya watu, tena kwa kodi ambayo wengi wao hawakutozwa kwa bei ya soko. Mwaka 2020 UNESCO ikauingiza utamaduni huo wa maakuli katika orodha ya urithi wa binadamu. Lililonivutia katika hadithi hiyo ni mpangilio: maji yalitangulia na amri ikafuata.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo haina upuuzi. Bwana afya akiona sahani thelathini zikioshwa katika beseni moja la maji yaliyogeuka rangi, ana haki ya kufadhaika, kwa maana kipindupindu na homa ya matumbo havichagui mlaji wa bei ndogo wala kubwa. Usalama wa vyakula, ambao tangu mwaka 2019 umo mikononi mwa Shirika la Viwango, ni jambo la sheria, na mpishi kupimwa afya ni wajibu usio na mjadala. Walakini maji yale yaligeuka rangi kwa sababu alinunua madumu machache, na madumu alinunua kwa sababu bomba halipo karibu na jiko lake. Mto Kagera unapita mpakani bondeni; miji mingi iko juu ya vilima. Kumtoza faini kwa uchafu ambao chanzo chake ni ukosefu wa bomba ni kumtoza dhambi ya mwingine.

Tena kuna kuni. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na moshi unaoyachoma macho ya wanawake hawa unatosha kuwa burhani ya uzuri wa lengo hilo. Ila maharage huchukua saa nyingi motoni, na mtungi wa gesi hauzihurumii saa. Kwa hiyo bila ya msaada wa jiko na mtungi, shauri la gesi litakuwa ni ongezeko jingine la bei lililovikwa vazi la maendeleo. Mikopo ipo kwa jina: halmashauri zimelazimishwa na sheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, nayo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Lakini imefumwa kwa ajili ya vikundi, ilhali mama ntilie hufanya kazi peke yake, na wenzake wa kikundi ndio hao hao wanaomnyang'anya wateja mchana.

Hata kile kitambulisho cha mjasiriamali kilichotolewa kuanzia Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, ambacho nakisifu kwa kuwa kilimwondolea ushuru wa kila siku, kilichukua fedha mwanzo na hakikuleta bomba mwisho. Na jambo moja zaidi, ambalo halizungumzwi sana: utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya watoto wa Kagera walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, katika mkoa ambao mgeni huusifu kwa shibe. Sahani ya stendi yenye maharage mengi na mboga za majani ni bora kuliko chipsi kavu, na sera itakayoyafanya maharage kuwa ghali kuliko chipsi itaonekana katika miili ya watoto hao.

Basi nawasihi madiwani wa Karagwe na Kyerwa, watakapoketi kupanga bajeti, fungu la stendi na magulio lianze na bomba la maji, choo na paa, pale pale watu wanapopita. Lifuate jiko la gesi kwa mkopo wa mtu mmoja mmoja kwa dhamana ya daftari lake la wateja. Miche safi ya migomba iwafikie wenye vibanja kwa bei ya chini. Na ada, ikiwa ni lazima iwepo, ingoje mpaka hayo yamekwisha kufanywa na kuonekana.