BABA WA KIROHO YUKO LAGOS, BILI INALIPWA MIKESE

Jamani, hii fasheni ya wachungaji wa Bongo kuwa na "baba wa kiroho" wa nje ya nchi, kuna mahali imeshapitiliza.

Chukua mchungaji wa kanisa la mabati kandokando ya barabara kuu ya Dar–Morogoro, pale Mikese. Jina kapuni, maana wa aina yake wako kila kona. Anapanda ndege kwenda kwenye kongamano Lagos au Johannesburg, anapiga picha moja na mtumishi mkubwa mwenye suti kali. Anaondoka Mchungaji, anarudi Nabii! Jumapili inayofuata picha iko kwenye bango: Baba na Mwana.

Sasa nani kalipa nauli? Mama mwenye genge, kijana wa bodaboda, mzee anayelima ndizi huko milimani Uluguru. Na safari haiishii hapo, kila mwezi kuna "mbegu" ya kumtumia baba. Huyo baba ukimuuliza Mikese iko wapi, hajui kama ni mji au ni jina la mtu.

Watetezi watakimbilia Biblia: mbona Timotheo alikuwa na Paulo? Sawa kabisa. Lakini Paulo alimjua Timotheo kwa jina la mama yake na la bibi yake. Alikuwa fundi wa mahema, akila jasho lake. Na Petro alipochemka kule Antiokia, Paulo alimkemea mbele ya watu. Hapo ndipo ulezi wa kweli ulipo: kuna mtu wa kukwambia umekosea.

Tena Afrika Mashariki hatukuanza jana. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Gahini, Rwanda, walikaa pamoja Namirembe, Kampala, wakisoma Neno na kuomba. Katika miaka ya 1930 Uamsho ukawaka, ukavuka mipaka hadi Tanganyika. Miaka ya 1940 Festo Kivengere akatoka Uganda kuja kufundisha shule Dodoma, naye alikuwa mtu wa Uamsho huo. Wale waliitana ndugu. Waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, hata mmisionari Mzungu akamwomba radhi Mwafrika. Ushirika wa mataifa ulikuwa huo, na mabango hayakuhitajika.

Leo kinachopanda ni pesa, kinachoshuka ni cheo. Kemeo halipandi wala halishuki. Mchungaji akigombana na wazee wa kanisa kuhusu hesabu za sadaka, anawafungia mdomo kwa sentensi moja: "Mimi nawajibika kwa baba yangu tu." Na baba yuko mbali, hana habari.

Msidhani ni utani. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe. Mchungaji asiyekuwa na wa kumwambia "acha" huwa anafika mbali sana.

Kwa hiyo waumini, mkiletewa tena mchango wa safari ya kumwona baba, ulizeni maswali mawili tu. Huyo baba amewahi kumkosoa mtumishi wenu kwa lipi? Na risiti ya mbegu ya mwaka jana iko wapi?

Akinuna, jibu mmeshapata. Nauli ibaki gengeni.