Kijana wa Garbatulla, usingoje fundi kutoka Nairobi

Mvua ilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, wewe kijana wa Garbatulla ulijua thamani ya kisima. Ng'ombe na ngamia hawaelewi kwamba dizeli imeisha.

Ndiyo maana visima kadhaa Isiolo vimehamishwa kutoka jenereta ya dizeli hadi sola. Tazama vizuri: shimo ni lile lile, tangi ni lile lile. Kinachobadilishwa ni chanzo cha umeme, wakati mwingine mota, na kidhibiti, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa paneli, kupunguza kasi ya pampu jua likififia na kuizima maji yakiisha kisimani.

Mafundi wa viwandani hufanya vivyo hivyo. Mashine kuukuu ya kuchonga vyuma haitupwi ovyo. Mwili wake wa chuma ukiwa bado mzima, hufungiwa mota mpya na kompyuta ya kuiongoza.

Lakini kisanduku hicho kikiharibika, nani atakifungua? Kumngoja fundi kutoka Nairobi ni kuacha mifugo ife kiu kando ya tangi tupu.

Kaunti inapotoa kandarasi ya sola, iweke sharti kwamba vijana wa kijiji wafundishwe kukifunga na kukikarabati. Nawe usikae tu ukilalamika. Omba nafasi ya kozi ya umeme katika chuo cha kiufundi. Siku ya kazi, mbebee fundi spana, uliza maswali.

Jua kali mnalo tele Garbatulla. Mafundi wa jua kali je?